Kabla ya kubadilisha spea jiulize ikifa itaondoka na nini

Ndugu Mhariri, mbukwa!

Nianze kwa kutaja kazi yangu ili nisije kuonekana najificha. Mimi nauza spea za magari hapa Dodoma, duka dogo tu, kwaiyo wasomaji wakiona natetea sevisi watasema huyu anavutia kwake, na wana haki kusema hivyo, ila nawaomba wasome mpaka chini maana kuna mahali nitawaambia msinunue kitu.

Kilichonichokoza ni barua ya msomaji wenu mmoja wa Singida mliyoitoa hivi karibuni, akasema sevisi ya kila mara ni ulaji wa mafundi na wauza spea, gari kama inatembea iache itembee, kifaa kikifa ndo unanunua, na yeye ana Hiace imemlisha miaka kwa mtindo huohuo. Alafu akajibiwa na mwingine, huyu naona ni mtu wa ofisi mwenye gari ya kutembelea, kwamba kila kitu kibadilishwe kwa kilomita kama kitabu kinavyosema na asiyeweza auze gari apande daladala. Barua zote mbili tulizisoma pale kaunta na wateja, tukabishana mpaka kufunga duka, na mimi nasema wote wawili wanaongelea gari kama vile ni kifaa kimoja wakati ni vifaa maelfu na kila kimoja kina namna yake ya kufa.

Kuna spea ikifa inakufa yenyewe tu, unanunua nyingine maisha yanaendelea. Kuna spea ikifa inaondoka na injini. Na kuna spea ikifa inaondoka na watu. Sasa ukiniuliza hii nibadilishe kabla au nisubiri, mimi nakuuliza kwanza hiyo ikifa inaondoka na nani, mambo ya kilomita tutaongea baadae.

Tuanze na hiyo hiyo Hiace ya ndugu yangu wa Singida maana ndo mfano mzuri. Hiace nyingi za dizeli tunazopandia huku, zile za injini ya 3L na 5L, zina timing belt, mkanda wa mpira wenye meno unaozungusha kemshafti, kile chuma kinachosukuma valvu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa mpangilio na pistoni. Toyota wenyewe kwenye injini hizi wanataka mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye dashbodi wakaweka taa imeandikwa T-BELT, zikitimia inawaka. Ile taa haijui mkanda uko kwenye hali gani, haina jicho kule ndani, inahesabu kilomita basi. Mafundi wengine taa ikiwaka dawa yao ni kuchomoa globu, dereva anafurahi, anasema fundi kaimaliza kwa buku mbili.

Kuna kijana anaendesha Hiace njia ya Kondoa alikuja dukani jioni na mkanda umekatika, kaukunja kwenye mfuko. Akauweka juu ya kaunta, "mzee nipe kama huu". Nikauangalia, kuna sehemu kama ya upana wa kiganja meno yote yamenyofoka, yamebaki mashimo, pembeni nyuzi zimechomoza na mkanda wote umelowa oili, maana yake sili ya mbele ilikuwa inavuja siku nyingi inaunywesha mpira na mpira ukishakunywa oili ndo umeisha huo. Nikamuuliza ilizimaje, akasema ilikuwa kwenye spidi ikazima ghafla kama mtu kageuza swichi. Nikamwambia mdogo wangu hela yako weka mfukoni, usinunue mkanda leo, kwanza wafungue hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu. Kesho yake fundi kafungua, valvu zimepinda, kemshafti imekatika vipande viwili, pistoni zina alama za kugongwa. Kwenye hizi dizeli ndo ilivyo, pistoni na valvu zinapishana kwenye nafasi moja kwa zamu, mkanda ukikatika zamu hakuna tena, zinakutana. Mkanda wenyewe bei yake haifiki hata bei ya tairi moja ya gari hiyo, ila alichokuja kununua baada ya hapo bosi wake ilibidi akope.

Kwaiyo ndugu wa Singida, huo mkanda usisubiri ufe, hauna dalili, haupigi kelele, hautoi moshi, leo upo kesho haupo. Na kama gari umeinunua kwa mtu au imetoka Japani na hujui historia yake usiamini kilomita za dashbodi, kuna watu kazi yao ni kuzirudisha nyuma, badilisha siku ya kwanza uanze hesabu yako mwenyewe. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ nazo ni hivyohivyo. Ila IST, Probox na gari nyingine za injini ya 1NZ zinatumia cheni, siyo mkanda, fundi akikwambia IST yako inadai timing belt maliza soda yako uage.

Brek nazo. Wenye kusafiri Iringa kupitia Mtera wanaujua Mlima Nyang'oro na zile kona zake, na wanaokwenda Nzega wanaijua Sekenke. Watu wengi wanajua kuangalia pedi, hilo siyo baya, lakini mafuta ya brek hakuna anayeyakumbuka, mteja kuja kuuliza mafuta ya brek wakati brek hazijamsumbua ni adimu sana. Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewani taratibu hata kama gari imelala. Kiwango cha DOT 3, aina ya mafuta ya brek inayotumika sana, ni kwamba yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango kinaruhusu mpaka 140. Sasa wewe unashuka Nyang'oro umejaza abiria na magunia juu, badala ya kupiga gia ndogo injini ikushikie umekaa juu ya brek kilomita na kilomita, diski zimekuwa nyekundu, joto linaingia kwenye mafuta, yanachemka, yanatoa povu, na povu linabonyea. Unakanyaga pedali inakwenda mpaka sakafuni haishiki kitu. Ukifika chini kwa bahati yako gari ikapoa, brek zinarudi kama kawaida na fundi akikagua haoni tatizo, anakwambia labda ulikuwa na usingizi. Mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi yatolewe yote yawekwe mapya, kopo moja dogo na nusu saa ya fundi. Tairi ziko kundi hilohilo, ubavuni kuna namba nne ndani ya kijiduara, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na kwa jua letu hili unakuta kashata bado zimejaa ila ubavu umeshapasuka vimistari kama shamba la mtama Agosti. Usisafiri nalo.

Sasa maji ya rejeta, hapa naomba nikae kidogo maana ni ugonjwa wa Dodoma hasa.

Maji yetu ya mjini miaka yote sehemu kubwa yametoka visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora, ni maji ya ardhini yenye madini, na kila nyumba inajua ile chokaa inayoganda kwenye birika. Dereva wetu asubuhi anafungua bomba anajaza rejeta. Ile chokaa inaganda ndani ya vijia vya rejeta ambavyo ni vyembamba, na inaganda kuzunguka silinda pia, joto linakosa pa kutokea. Ongeza kwamba tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji ya kawaida huku yanachemka kama kwenye nyuzi 96 badala ya 100, kinachoyazuia kuchemka mapema kwenye gari ni presha inayotunzwa na kifuniko cha rejeta, na kile kifuniko ndo utakikuta mpira wake umekufa kimefungwa na kipande cha nailoni kisivuje. Ikifika Oktoba joto limekaza, foleni ya kuingia mjini asubuhi, mshale unapanda. Fundi dawa yake anang'oa themostati anaitupa, anasema hizi ni za nchi za baridi. Siyo kweli, ile inaifanya injini ifike joto lake haraka na kubaki hapohapo, ukiitoa injini inafanya kazi ikiwa ya baridi muda mrefu, inakula mafuta na inalika, na tatizo la chokaa bado lipo palepale. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, inauzwa kila mahali ikiwa imeshachanganywa, ile haizuii kuchemka tu, ina dawa ya kuzuia kutu na kuganda pia. Ukiishiwa kabisa tumia maji ya kunywa ya chupa yasiyo na madini mengi au maji ya betri yale meupe yasiyo na asidi, siyo bomba. Mpira wa rejeta uminye kwa vidole injini ikiwa imepoa, ukiwa mlaini kama andazi au unatoa sauti ya kukatika ndani, badilisha leo. Mpira ukipasuka njia ya Manyoni na dereva akaamua afike kwanza kituoni, gasketi inaungua, hedi inapinda, na hapo tunarudi kwenye kukopa.

Nikirudi upande wa pili, yule mtu wa kitabu. Nilikuwa nimeahidi kuwaambia msinunue.

Nina mpwa wangu anasoma mambo ya kutengeneza ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar, alinieleza kitu kikanikaa kichwani. Zamani kwenye ndege nao walikuwa na imani hiyohiyo kwamba kila kifaa kina umri wake, ukifika kitolewe. Mwaka 1978 mabwana wawili wa shirika la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, wakaandika ripoti kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya huko, wakaonyesha kwamba kati ya vifaa vya ndege walivyovichunguza ni asilimia 11 tu ndo vilikuwa na tabia ya kuzeeka hivyo, kwamba ukikaa sana uwezekano wa kufa unaongezeka. Vilivyobaki asilimia 89 umri haukusema kitu, na asilimia 68 hatari yao kubwa ilikuwa pale vikiwa vipya kabisa, ndo kwanza vimefungwa. Yaani unatoa kifaa kizima kilichozoea kazi unaweka kipya ambacho hujui kimetengenezwaje na kimefungwa na nani, umejitafutia shida kwa hela yako. Gari siyo ndege najua, na mpira wa Hiace unazeeka kweli, ila nilicheka maana hicho kitu nakiona kaunta kila mwezi. Mtu ana alteneta, ile inayochaji betri, orijino iliyokuja na gari, inachaji vizuri, anashauriwa abadilishe eti imekaa sana, anafungiwa mpya ya bei rahisi, kabla mwezi haujaisha yuko barabarani Chamwino betri imekufa anaomba kuvutwa.

Kwaiyo alteneta subiri taa ya betri iwake, mara nyingi ni kaboni tu zimeisha na hizo ni hela ndogo. Stata subiri igome, itakugomea ukiwa umesimama, haijawahi kumuua mtu. Taa, mota ya kioo, mota ya wipa (isipokuwa masika imeanza), sensa za injini, feni ya ndani, pampu ya mafuta kama haijaanza kulia, vyote hivyo acha vife vyenyewe, weka globu na fyuzi za akiba kwenye gari basi. Mtu akija kwangu anataka sensa mpya ili tu awe na amani namwambia nenda ukapimwe na mashine kwanza, na kweli kuna siku nimepoteza mauzo kwa mdomo huu.

Katikati kuna kundi kubwa ambalo barua zote mbili zimelisahau. Pedi za brek na vile viungo vya chini vinavyoshika tairi na usukani, yaani boljointi, tairodi, bushi, linki za stabilaiza, beringi za tairi. Hizi hazina tarehe, kwenye barabara ya Kibaigwa ya lami zinadumu, ukiipeleka gari hiyohiyo vijijini Mvumi au Hombolo kwenye makorongo zinaisha mapema. Lakini hazifi kimyakimya, zinasema. Boljointi inagonga ukipita tuta, beringi inavuma kadiri unavyoongeza spidi, pedi inalia chuma. Dawa yake ni kukagua, gari ipigwe jeki, tairi ishikwe juu na chini itikiswe, fundi alale chini na tochi aangalie. Hii ndo sevisi yenyewe kwa maoni yangu, kumwaga oili ni sehemu yake ndogo tu. Ila huku mtu akisema gari imetoka sevisi anamaanisha oili na filta, hakuna aliyegusa tairi.

Oili nisiipite. Kwa vumbi letu hili kilomita 5,000 ni sawa kwa oili za kawaida, na eya kilina, chujio la hewa ya injini, iangaliwe katikati ya hapo, hasa kiangazi upepo ukianza. Ukiipuliza na kompresa puliza kutoka ndani kwenda nje, siyo kuusukuma mchanga uingie zaidi, na usisogeze mdomo wa kompresa mpaka karatasi itoboke, maana eya kilina iliyotoboka inapitisha mchanga moja kwa moja kwenye silinda. Na kuna wateja wapya siku hizi, tangu treni ya umeme ya SGR ianze kuja Dodoma 2024 watumishi wengi safari za Dar wameacha gari nyumbani, gari inalala Ilazo wiki nzima, mtu anakwambia oili bado, kilomita hazijafika. Oili inahesabiwa na miezi pia, betri isiyochajiwa inakufa, na lile tairi linakandamizwa upande mmoja huku jua linalipiga.

Mhariri, tatizo kubwa kuliko yote haya siyo ujinga wa madereva, watu wanajua. Ni hesabu. Hiace za Kondoa, Noah za Mpwapwa na Kongwa, bajaji za hapa mjini, dereva anampelekea bosi hesabu yake jioni na kinachozidi ndo mkate wa watoto. Siku gari iko gereji dereva hana kitu na bosi amenuna. Sasa wewe dereva umesikia boljointi inagonga Jumatatu, utafanyaje, unaongeza sauti ya redio mpaka Jumamosi. Bosi naye akiambiwa kitu bado hakijafa hatoi hela, anaona anaibiwa, na mara nyingine kweli anaibiwa, kuna madereva wanakuja kwangu wanaomba risiti ya spea ambayo hawajanunua. Siwapi. Siku ya ukaguzi ikikaribia ndo utawaona wote wanaazimana tairi nzuri na mtungi wa kuzimia moto, ikishapita kila mtu anarudisha cha mwenzie.

Nina mteja mmoja dada ana Noah mbili za Mpwapwa, na yeye ndo ningependa mabosi wengine wamuige. Kamwambia dereva wake Jumapili ya mwisho wa mwezi gari inakwenda kukaguliwa, siku hiyo hesabu hakuna na hela ya kula nakupa mimi. Kwenye hesabu ya kila siku anakata kidogo anatuma kwenye laini ya simu ambayo haitumii kwa kitu kingine. Ana daftari la shule la kurasa chache anaandika kilomita oili ilipobadilishwa, mafuta ya brek, tairi zimefungwa lini. Anakuja dukani na picha za pedi kwenye simu, kaweka rula pembeni, mimi namwambia dada chukua seti kabisa, ananijibu "kaka hizi bado zina milimita sita, zikifika tatu utaniona". Na anaondoka bila kununua, mwezi unaofuata anakuja na picha nyingine. Kama muuza duka ananikera kusema kweli. Kama abiria, shemeji yangu akisafiri Mpwapwa namwelekeza apande Noah ya yule dada.

Wenye magari ya hesabu wajaribu hilo la siku moja isiyo na hesabu, waone dereva atakavyoanza kuwaambia mwenyewe gari inagonga wapi. La spea feki sijaligusa leo maana peke yake linajaza ukurasa, mkinipa nafasi nitaandika.

Ni mimi,
Muuza spea,
Majengo, Dodoma.